Friji Lanivumia, Mama Mkwe Aitwa Mwizi wa Sukari

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako na naomba haraka, maana Jumapili hii nyumbani kwangu kuna kikao cha familia ambacho mimi ndiye nimeombwa nikifungue, na tangu niombwe sijalala, ingawa kusema kweli hata kabla ya hapo sikuwa nalala, na hapo ndipo matatizo yangu yanapoanzia.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, nina mke na watoto wawili, kazi yangu ni fundi wa vyerehani katika kiwanda cha kushona sare za shule, vyerehani mia moja na ishirini chini ya paa moja la bati, na kazini wananiita Sikio, wala si kwa ubaya, ni kwa sababu cherehani kikitaka kuharibika mimi nakisikia siku mbili kabla. Kila asubuhi washonaji hawajakaa nazima umeme wote, kisha nawasha cherehani kimoja kimoja nikiwa nimefumba macho, nakisikiliza, nikiona kina lake jambo nakifungia kitambaa chekundu, na sijakosea mwaka wa sita huu, mpaka meneja huwa analeta wageni waje kunitazama nikisikiliza, nami sitaki kujisifu ila wageni hao huwa wanaondoka wakitikisa vichwa.

Sasa masikio haya sina pa kuyaacha jioni nikitoka kazini, na si masikio tu, taa kali inanichoma, lebo ya shati ikinigusa shingoni siwezi kuongea na mtu mpaka niikate, mtu akiingia chumbani amenuna mimi najua kabla hajasalimia na naumia kana kwamba nimenuniwa mimi, na nikigombezwa asubuhi maneno yale nabaki nayo mpaka keshokutwa. Nimekwenda hospitali wakanipima kila kitu wakasema mzima, muuguzi mmoja akaniambia kuna watu wameumbwa na hisia kali kuliko wenzao na huenda mimi ni mmoja wao, nikafurahi sana kujua nina jina, lakini shemeji yangu, yaani kaka wa mke wangu, ambaye ni dereva wa lori na analala hata akiegemea injini, alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Kaza roho bwana, wewe unasikia mpaka chawa wakipiga miayo!"

Nyumbani nilijitahidi kupanga mambo ili nipate utulivu, nilitoa betri kwenye saa ya ukutani, niliwaambia watoto wavue viatu mlangoni na wasikoroge chai kwa kugonga kijiko, mlango wa choo niliubandika sponji, na kila jioni kabla ya kulala napita chumba kwa chumba nikisikiliza kama ninavyofanya kiwandani, kinachovuma nazima. Mke wangu alikuwa ananiita mkaguzi, mwanzoni kwa utani, siku hizi sina hakika.

Basi miezi minne iliyopita mama mkwe alihamia kwetu ili awe karibu na kliniki, ni mama mzuri, hana neno na mtu, ana ugonjwa wa sukari na anajidunga insulini asubuhi na jioni, na kwa ajili ya vichupa vyake na chakula kilichoongezeka mke wangu akanunua friji kubwa la mtumba akaliweka jikoni, kwenye ukuta uleule ambao upande wa pili kuna kichwa cha kitanda chetu. Mshauri, sijui kama umewahi kulala na friji. Linavuma kwa sauti ya chini kama dakika ishirini, ukianza kulizoea linakatika kwa kishindo, linatikisika mpaka vikombe vinagongana, kisha linanyamaza, na kule kunyamaza ndiko kubaya zaidi kwa sababu unabaki umekodoa macho ukisubiri lianze tena, na lina sauti nyingine nyembamba ndani ya ile nene ambayo nikimwambia mke wangu asikilize anasema hakuna kitu. Nikawa nalala saa tatu kwa siku, wakati mwingine mbili, mkono ukaanza kunitetemeka kazini, wanangu nikawa nawafokea kwa kupumua.

Nililizima siku moja, mke wangu akaja juu, akasema dawa za mama zikiharibika je, nikaona ana haki, kwa hiyo nikatumia akili ya ufundi. Ndani ya friji kuna kile kigurudumu cha baridi, namba moja hadi saba, sisi tulikuwa tunakaa kwenye tatu, basi kila jioni wenzangu wakiwa sebuleni nakizungusha mpaka saba ili baridi ijae, tukienda kulala nachomoa waya kimya kimya, na kwa kuwa mimi ndiye wa kwanza kuamka nachomeka tena na kurudisha kwenye tatu, na mahesabu yangu yalikuwa sahihi kabisa, kwa sababu mpaka alfajiri ndani kulikuwa bado baridi vizuri. Nililala, mshauri. Wiki sita nililala kama mtu, nikawa mpole, mke wangu akasema nimebadilika.

Katika wiki hizo sukari ya mama mkwe ilianza kupanda na hakuna aliyejua kwa nini, kliniki wakamwongezea dozi, ikapanda, wakamwongezea tena, akawa anakunywa maji ndoo nzima na macho hayaoni vizuri, ndipo mke wangu akamshuku kwamba anakula vitu vitamu kwa siri. Mama akaapa, mke wangu akakuta karatasi ya peremende chini ya kiti, ambayo nadhani ni ya watoto, lakini akaishikilia ile karatasi, na Jumatatu moja akafunga kabati la sukari kwa kufuli na ufunguo akautia kwenye pochi yake.

Sasa ikatokea kwamba siku mbili kabla ya hiyo Jumatatu, nikirudisha kigurudumu alfajiri, niliona boksi la vichupa vya mama limenata kwenye ukuta wa nyuma wa friji, lina barafu, nikatoa kichupa nikakitazama, kimeganda. Nikamuuliza muuza dawa aliye karibu na kiwanda, nikasema ni kwa ajili ya jirani, akasema insulini ikiganda hata ikiyeyuka haifai tena, tupa. Nilinunua vichupa vipya, nikaviweka kwenye boksi la zamani, na kile alichokwisha kukifungua nilikitoa nikaweka kipya, nikapunguza kwa sindano mpaka usawa uleule wa zamani ili asishtuke, na tangu siku hiyo sijachezea friji tena. Sukari ikashuka. Mke wangu akapiga makofi, akasema mmeona, tangu nifunge kabati tu imeshuka, sasa nani mwongo?

Mama mkwe siku hizi hasemi na mtu. Asubuhi anatokwa jasho na kutetemeka, juzi aliniita kwa jina la marehemu mume wake, akaomba hata kijiko kimoja cha sukari, mke wangu akasema, "Umeona alivyozoea? Mwili unaidai," akampa maji matupu, na ile sauti ya meno ya mama yakigonga ukingo wa kikombe ilinikaa masikioni siku nzima nikashindwa kabisa kusikiliza vyerehani. Pia huwa analia chumbani kwake na ukuta ni mwembamba. Jumapili shemeji dereva anakuja, na dada yao, wamkalishe mama wamwonye, na kwa kuwa mimi ni mkwe na ninaheshimika wamesema mimi nifungue kikao.

Kwa hiyo naomba unishauri mambo matatu. Kwanza, mtu mwenye hisia kali kama mimi afanye nini awe mgumu kama wenzake? Pili, friji sasa nimelizoea kidogo lakini usingizi bado hauji, je, kuna dawa ya usingizi isiyo na madhara? Tatu, vikao vya lawama vinanichosha sana, vinanipa msongo wa mawazo wiki nzima, nikifungueje bila kuumia? Hilo la friji sidhani kama lina haja ya kuibuliwa, maana limekwisha. Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha lakini tafadhali usinipigie, mlio wa simu unanishtua.

Ni mimi, Sikio, fundi wa vyerehani.

*

Ndugu Sikio,

Pole. Naanza na pole kwa sababu sina mpango wa kulirudia neno hili mara nyingi, kwa hiyo litunze.

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Nimejifunza mengi. Sasa najua friji lako linavuma dakika ngapi, linakatika vipi, na kwamba lina sauti nene na sauti nyembamba. Nimejua lebo ya shati lako inakugusa wapi. Mke wako ameguswa kidogo, watoto wameguswa kidogo, na mama wa watu, ambaye umemharibia dawa wiki sita, amepata nafasi baada ya mlango wa choo. Katika nafasi hiyo anatokwa jasho, anatetemeka, anakuita jina la marehemu, anaomba kijiko cha sukari ananyimwa, na wewe unaniandikia kwamba meno yake yaligonga kikombe ukashindwa kufanya kazi. Kumbe wa kupewa pole hapo ni vyerehani.

Hebu tuliweke wazi hilo kwanza, kabla sijakasirika vizuri. Mimi si daktari, ila nilikuwa na daktari pembeni nikiandika haya. Kliniki walimwongezea mama dozi mara mbili wakiamini anajidunga dawa, kumbe anajidunga maji ya barafu yako. Kisha wewe, kwa siri na kwa ustadi, ukamwekea dawa nzima. Dozi ikabaki ileile kubwa. Kwa hiyo mama yule sasa anajidunga dawa nyingi kuliko anavyohitaji, sukari inashuka mno, ndiyo maana ya jasho, ndiyo maana ya kutetemeka na kuchanganya majina. Mwili ulikuwa unaidai sukari kweli, mkeo hakukosea hapo, ila ulikuwa unaidai ili mama asife. Mtu katika hali ile anapewa kitu kitamu papo hapo na anapelekwa kwa wataalamu. Ninyi mlimpa maji matupu na tarehe ya kikao.

Unaniambia eti suala la friji limekwisha. Lo! Kwisha wapi, baba?

Haya, tuje kwenye hisia zako, maana ndizo ulizoniandikia, na sitaki useme sikukujibu.

Yule muuguzi hakukudanganya. Wapo watu wazima walioumbwa hivyo, si wachache, wake kwa waume. Sauti, mwanga, harufu, uso wa mtu aliyenuna, vyote vinaingia kwa nguvu na vinachelewa kutoka. Si ugonjwa, si udhaifu, si kudeka, na huyo shemeji yako mwenye kulalia injini asikutishe, yeye naye kaumbwa alivyoumbwa na wala hajaombwa kujieleza. Mtu wa aina yako akibanwa na kazi na kelele anachoka upesi kuliko wenzake, akichoka halali, asipolala kesho kila mlio unaongezeka ukubwa, na mzunguko unaendelea hivyohivyo mpaka afokee watoto kwa kupumua. Hilo nakubaliana nawe kabisa na ninakuonea huruma ya kweli. Kukaa siku nzima chini ya bati na vyerehani mia na ishirini, halafu urudi ulale na friji ukutani, hata mimi ningeongea peke yangu.

Lakini swali lako la kwanza silijibu. Kuwa mgumu kama wenzako! Ukiwa mgumu, kile kitambaa chekundu atakifunga nani? Meneja atawaonyesha wageni nini, friji? Mtu kama wewe akipata utulivu na watu wanaomwelewa huwa anastawi vizuri sana, pengine kuliko hao wagumu. Kosa lako si kusikia sana. Kosa lako ni kwamba umejipa cheo nyumbani kwako kwa sababu ya masikio yako. Umewafanya watoto wanywe chai kama wako msibani. Umeisimamisha saa ya watu. Unapita chumba kwa chumba jioni ukisikiliza familia yako kama mitambo, na kinachovuma unazima. Mwenzangu, pale si kiwandani, na hakuna aliyekuajiri.

Na sasa nikuulize kama fundi, maana hapa ndipo nilipotaka kurarua barua. Cherehani kikitikisa meza kazini unafanya nini? Unakipoza kwa barafu? Nimemuuliza fundi wa hapa mtaani kwetu, kijana mtaratibu tu, hana wageni wa kumtazama, akaniambia, "Si unaweka raba chini ya miguu na kukitoa ukutani?" Raba! Vipande vinne vya raba, Sikio, ambavyo naamini umekanyaga kumi leo kiwandani ukienda chooni. Friji la mtumba linagonga vikombe kwa sababu halijakaa sawa sakafuni. Lisogeze ukuta wa pili, lipe raba, lisawazishe, na kitanda chako kigeuze kichwa. Kazi ya nusu saa. Wewe ukaona ni rahisi zaidi kuendesha mradi wa siri wiki sita na sindano juu.

Ile sindano, kwa kweli, imenikaa kooni. Ulichukua kichupa kipya ukakipunguza mpaka usawa wa kile cha zamani. Jamani! Mkono uliokuwa ukitetemeka kazini, siku ile haukutetemeka hata kidogo. Ungeutumia mkono uleule kugonga mlango wa mama, tungekuwa tumemaliza zamani.

Swali la pili, dawa ya usingizi. Hapana. Kama baada ya haya yote bado hulali, rudi kwa yule muuguzi umweleze usingizi, msongo na hisia zako kwa pamoja, akuelekeze kwa mtu wa kukusaidia, lakini usinunue vidonge dirishani kwa jina la jirani, nadhani jirani yako anaumwa vya kutosha. Fanya mambo ya kawaida kwanza. Ukitoka kiwandani usiingie nyumbani na kelele zile kichwani, tembea kwa miguu robo ya njia bila kuongea na mtu. Nunua vizibo vya masikio, hata kazini uvae wakati husikilizi kitu. Lala na amka saa zilezile. Kaa na mkeo mkubaliane saa moja tu ya utulivu jioni, nasema mkubaliane, si ubandike sheria, na saa nyingine zote watoto wakoroge chai wanavyotaka.

Hata hivyo nikueleze jambo ambalo barua yako imelisema bila wewe kujua. Friji umeshalizoea, umeandika mwenyewe. Mbona hulali? Kwa sababu ng'ambo ya ukuta mwembamba kuna mama analia, na wewe unajua analilia nini, na unajua nani kamliza. Mtu mwenye ngozi ya kifaru anaweza kukalia siri kama hiyo akakoroma. Wewe huwezi, na hilo ndilo jambo zuri pekee nililolikuta katika kurasa zako zote. Hakuna kizibo cha sikio cha jambo hilo, na daktari hana dawa yake.

Sasa nikwambie nilichofanya, kwa sababu umeniomba nisikupigie na mimi nimekupigia.

Gazeti hili hutoka Ijumaa. Barua yako niliifungua Jumanne asubuhi, na baada ya kusoma habari ya jasho na kutetemeka sikuweza kungoja Ijumaa. Nilipiga namba iliyo nyuma ya bahasha mara nne. Mara ya tano ikapokelewa na mama mkwe wako mwenyewe. Alisema simu yako huwa unaiacha nyumbani ukiwa umeizima mlio, ameona inawaka taa tu mezani akadhani ni jambo la dharura. Sauti yake ilikuwa inajikokota. Sikumwambia mimi ni nani hasa, nilisema natoka gazetini na nafuatilia habari za afya, ambayo si uongo kamili. Nikamwomba ajipime pale pale kwa kile kipimo chake. Alinisomea namba. Daktari aliyekuwa pembeni yangu alisimama.

Nikamwambia, "Mama, weka sukari kwenye maji unywe sasa hivi." Akanijibu, "Mwanangu, sukari imefungiwa."

Basi ilibidi nimwambie atoke aende kwa jirani akaombe. Akakataa. Alisema akionekana anaomba sukari kwa watu ndiyo atakuwa amejimaliza, Jumapili hatakuwa na la kusema. Nikambembeleza, nikamfokea, mwisho nikamwomba afungue dirisha tu na ampe simu jirani. Jirani yako, mshonaji wa mapazia, ni mwanamke mwenye akili. Alikuja na sukari, akampa, akakaa naye mpaka akatulia, akamtafutia usafiri akampeleka kliniki. Baadaye jirani alinipigia akasema dozi imepunguzwa. Mama mzima, yuko nyumbani, na wewe ulirudi jioni ukaambiwa alikwenda kliniki kama kawaida, sivyo?

Lakini ona tulipofika. Sasa kuna shahidi. Jirani ameshasema uani, kwa nia njema kabisa, kwamba mama aliomba sukari kwake, na mkeo hatachelewa kulisikia. Karatasi ya peremende, kufuli lililoshusha sukari, na sasa jirani. Ushahidi wa tatu nimeutengeneza mimi kwa mkono wangu, ili mama asife, na nimeutengeneza kwa sababu ya siri yako. Siwezi kuufuta. Wewe unaweza, kwa sentensi tatu.

Kwa hiyo swali lako la tatu, kikao utakifungua vipi bila kuumia, jibu langu ni kwamba hutakifungua. Kikao hicho hakitakuwepo. Utamwambia mkeo leo kwamba uligandisha dawa ya mama ili ulale, kwamba uliibadilisha kwa siri, na kwamba kufuli halikushusha kitu chochote. Atapiga kelele. Najua kelele zinakuumiza. Utakaa hapohapo uzisikilize mpaka mwisho, bila kukunja uso, bila kumwambia apunguze sauti, na bila kumweleza habari za hisia kali, maana siku hiyo wenye hisia watakuwa wengine. Halafu utapiga simu kwa shemeji dereva umwambie asije kumwonya mama, na kama anataka kuja kukuonya wewe, chai ipo. Kesho asubuhi utaomba ruhusa kazini, vyerehani vitasikilizwa na Mungu siku moja, na utakwenda na mama kliniki ukawaeleze wataalamu kilichotokea, kwa sababu mpaka dakika hii wanadhani wanatibu mgonjwa mkaidi. Na ufunguo wa kabati mkeo atampa mama mkononi.

Usinidanganye kwamba utasubiri Jumapili upate ujasiri. Mama aliniambia binti yake hununua gazeti hili kila Ijumaa na huanza na ukurasa wangu kabla hajavua viatu. Nimeondoa jina la mtaa wako, lakini mafundi wanaozima friji kwa masikio hawako wengi.

Kabla hatujakata simu, mama akiwa ameshapata nguvu kidogo, nilimuuliza kama kuna mtu hapo nyumbani ninayeweza kuzungumza naye kwa niaba yake. Akafikiri kidogo, akasema, "Labda mkwe wangu. Hapa wote wameniuliza kama nimekula sukari, mpaka wajukuu. Yeye peke yake hajaniuliza hata siku moja. Nadhani ananiamini."

Kujibu watu ndiyo kazi yangu, lakini jibu la hapo si langu. Kamjibu wewe.